Nyuma ya Pazia la Mzee Tsukuda

Asiyewajua wakusanya santuri wa Tokyo angedhani jengo linaungua. Saa nne kamili asubuhi mlinzi wa duka kubwa la Shinjuku alifungua mlango, akainama kuwakaribisha wateja, na kabla hajanyoosha mgongo wazee wenye mvi walikuwa wameshampita mbio, raba miguuni na mifuko ya nguo begani, wakielekea ghorofa ya nane kwenye gulio la santuri kuukuu la kila Januari. Walikuwa watu wazima na heshima zao, wengine na wajukuu, lakini asubuhi hiyo walisukumana kama watoto wa shule wanaogombea bembea.

Chizuru Minowa alikuwa miongoni mwao, na kwa mwanamke anayeinyemelea arobaini hakuwa mzembe wa kukimbia. Alivaa suruali ya sufi ya kijivu aliyoishona mwenyewe na sweta la zambarau, nywele kazibana nyuma ili zisimzibe macho. Kazi yake ilikuwa kurekebisha nguo za watu katika kiduka karibu na stesheni ya Kichijoji, kupunguza suruali na kutanua makoti ya waume walionenepa. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na cherehani na santuri, tena santuri za piano tu, na zaidi ya zote utungo mmoja mrefu wa Schubert, sonata, uliopigwa na wapiga piano mbalimbali. Usimwulize kwa nini mtu anunue kitu kilekile mara kumi na zaidi. Angekujibu kwamba wewe nawe unakula wali kila siku, na hakuna anayekuuliza.

Basi alifika kwenye sanduku alilolitaka, akapekua, akaliona jalada la kahawia lenye jina la Ilse Brandhuber, mpigaji wa Vienna aliyerekodi mara chache akafa kijana. Moyo ukamruka. Akaishika santuri, na papo hapo mkono mwingine ukaishika upande wa pili.

Mwenye mkono alikuwa mwanamume mrefu, mwembamba, uso wa mtu asiyelala vizuri, ndani ya koti jeusi la kizamani ambalo lingempendeza kama lingetunzwa. Hakuivuta santuri, lakini hakuiachia. Wakatazamana. Mfanyakazi wa gulio alikuja na aproni yake, akasema kwa upole kwamba sheria ni ileile ya miaka yote, jiwe, karatasi au mkasi, kwa ishara ya mkono. Chizuru, fundi nguo, akatoa mkasi, maana tangu utotoni hajui kutoa kingine. Mwanamume akatoa jiwe, na jiwe huvunja mkasi.

"Pole sana, bibie," alisema, na kwa kweli alionekana kusikitika.

"Usinipe pole. Kifungo cha koti lako kinaning'inia kwa uzi mmoja. Umepata santuri, kifungo unakipoteza kabla hujafika nyumbani."

Mwanamume alijitazama, akacheka kidogo. Akasema kama angemjua mtu wa kumshonea kifungo, yeye angemsikilizisha mtu huyo Brandhuber siku hiyohiyo. Chizuru hakutoka nyumbani bila sindano na uzi. Walikaa kwenye benchi karibu na ngazi, yeye akishona, yule bwana akiwa amelivua koti na kulikumbatia jalada kifuani mithili ya mtu aliyebeba mtoto wa jirani. Aliitwa Tetsuro Kusakabe. Alikuwa msahihishaji wa majina katika kampuni ya ramani, na aliwahi kuwa na mke, lakini sakafu ya nyumba yao ilipoanza kubonyea kwa uzito wa santuri, mke alimwambia achague. Alikuwa bado anachagua siku mke alipoondoka.

Alimpeleka mtaa wa Asagaya, kwenye mgahawa wa Mimosa, ambako watu huja kusikiliza na si kuongea. Ukinong'ona, Mzee Tsukuda mwenye mgahawa anakutazama mpaka unalipa na kutoka. Walikunywa kahawa bila neno, Brandhuber akapiga, na ilipofika ile sehemu ya pili, ya polepole, Chizuru alihisi machozi yanakuja akayaacha yaje. Kusakabe hakumtazama. Alimsogezea tu kitambaa cha kujifutia kwa kidole. Chizuru alimpenda kuanzia hapo, na mimi sioni haja ya kuificha habari hiyo.

Mapenzi ya watu wa namna ile hayana mbwembwe. Walikula tambi za soba kwenye vibanda vya chini ya reli, wakabishana mpigaji yupi anaharakisha na yupi anaburuza. Kufika Mei Chizuru alikuwa anamwita Tetsu, naye anaitwa Chi. Kila adhuhuri simu ya kidukani ililia, na wateja wa Chizuru walizoea kumwona akiongea na pini mdomoni.

"Umekula?"

"Nimekula. Nina suruali ya mtu mezani, sema haraka."

"Nimempata Mrusi mmoja, Sorokina. Sauti yake imenikosesha kazi tangu asubuhi."

"Mzuri?"

"Amekufa zamani, Chi."

"Basi simwonei wivu. Jioni njoo naye."

Tetsuro alikuwa na tabia zake. Wakitembea, lazima Chizuru awe upande wake wa kulia, na akihamia kushoto, yeye anazunguka. Chizuru alidhani ni adabu za mtu wa zamani anayemkinga na magari. Jioni moja akamwambia kwa utani kwamba hata kwenye njia isiyopita magari anazunguka, je, anamkinga na paka? Tetsuro alitabasamu, akamshika mkono. Chizuru alimshonea mfuko wa pamba wa rangi ya majani ya chai kwa ajili ya Brandhuber, wenye mshono uliofichwa ndani, na akawaza, kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi, kwamba huenda asizeeke peke yake.

Sasa, juu ya mgahawa wa Mimosa palikuwa na chumba, na Jumamosi moja kila mwezi kundi la wazoefu lilikutana humo. Mzee Tsukuda alikaa nyuma ya pazia na santuri zake, akapiga kipande kimoja mara tatu au nne, kila mara kwa mkono wa mpigaji mwingine, bila kutaja jina. Wao waliokaa mbele walisema ni nani na yupi bora. Mwisho mzee alitoka akasema ukweli. Sheria ilikuwa hiyo moja tu, anayekaa nyuma ya pazia hadanganyi hata kwa huruma. Aliwahi kuwapo mwanachama aliyepewa zamu ya pazia akamwambia mkubwa wake wa kazi kwamba amepatia, ili amfurahishe, na Tsukuda alimrudishia kofia yake papo hapo, akamfungulia mlango.

Katika chumba hicho Kusakabe alikuwa mfalme. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kidogo, halafu akasema jina, mwaka, na mara nyingine hata ukumbi waliorekodia. Bwana Nagai, mwenye kliniki ya macho, aliyeishi kwa hamu ya kumshinda, alikuwa akitoka pale amekasirika kila mwezi.

Jumamosi ya Oktoba mzee alipiga kipande kimoja mara mbili. Kilipoisha, Kusakabe alisema bila wasiwasi kwamba ni Sorokina, na kwamba mzee amewatega, maana santuri ni ileile imepigwa mara mbili.

Watu waligeuka kumtazama. Chizuru alidhani anatania. Mpigaji alikuwa Sorokina kweli, lakini kila mtu alikuwa amesikia kwamba mara ya kwanza piano ilitoka katikati, sehemu moja, kama zamani za mono, na mara ya pili ilienea chumba kizima, mkono wa kushoto huku, wa kulia kule. Ilikuwa stirio. Mtoto angesikia.

Bwana Nagai alicheka mpaka akavua miwani. Alisema hata paka wake hukimbilia spika ya pili ikianza kulia. Wengine wakacheka kwa aibu, na Chizuru, akitaka kuuondoa ule ubaridi, akitaka Tetsu wake acheke na wenzake yapite, naye akatia neno.

"Mumsamehe leo. Masikio ameyasahau nyumbani."

Kicheko kikawa kikubwa. Kusakabe alimgeukia, na Chizuru akaona uso wa mtu aliyepigwa kofi na ndugu yake. Alisimama, akainama kwa kila mmoja kama ada inavyotaka, akachukua koti lake na kuteremka ngazi. Chizuru alipomfuata mpaka barabarani, hayupo.

Simu hakupokea siku hiyo wala zilizofuata. Ukaja ujumbe kwamba ana kazi nyingi. Chizuru akaandika kuomba radhi, akafuta, akaandika tena, akatuma. Likarudi jibu fupi: tusionane tena, Chi, nakutakia heri.

Jamani, kuna uchungu wa kuachwa na kuna uchungu wa kuachwa kwa sababu ya utani. Chizuru alilia akishona, akachoma vidole, akamtoboa mteja kiunoni. Halafu hasira ikaja ikamsaidia. Alimweleza dada yake kwa simu kwamba mwanamume yule ni majivuno matupu, ameshindwa mara moja tu mbele za watu na tayari amesusa dunia. Dada akamwuliza kama hakuna mwanamke mwingine. Chizuru akasema hapana, halafu hakulala vizuri.

Mwezi mwingine ulipoandama akaenda Jimbocho, mtaa wa vitabu na santuri kuukuu, kwa sababu mguu umezoea. Duka la pili tu, kwenye rafu ya vilivyoingia wiki hiyo, akaona kitu cha rangi ya majani ya chai. Alikijua kabla hajakigusa. Ulikuwa mfuko wake wa pamba, na ndani yake Brandhuber. Rafu nzima ilikuwa ya Tetsuro, Sorokina na wenziwe wote, wamepangwa kwa bei.

Muuza duka alieleza kwamba bwana mmoja ameuza kila kitu, na mtambo wake wa kupigia santuri pia, tena bila kuomba nyongeza. Chizuru aliinunua Brandhuber, akaiweka mkobani, akapanda treni moja kwa moja hadi Nishi-Ogikubo, kwa Tetsuro, akiwa ameuma meno. Mtu akikuacha, akuache. Lakini auze na mfuko uliomshonea? Hilo angemwambia usoni.

Aligonga mlango, akagonga tena, akaupiga kwa kiganja. Tetsuro alipofungua alikuwa na ndevu za siku kadhaa na sweta lililoachia mshono begani. Nyuma yake chumba kilikuwa kitupu. Rafu zilifika mpaka darini na hapakuwa na hata jalada moja, mistari ya vumbi tu ilionyesha zilipokuwa.

Chizuru alianza palepale mlangoni, hakungoja kukaribishwa. Alimwambia yeye ni mtu mwenye roho ndogo, kwamba aliomba radhi na radhi ikatupwa, kwamba hata mbwa haachwi kwa ujumbe wa simu. Tetsuro alimtazama mdomo. Halafu akageuza kichwa, polepole, akamletea sikio la kulia, na akasema:

"Rudia, Chi. Polepole. Na usimame upande huu."

Hasira ya Chizuru ikakatika kama uzi. Alimtazama, akalitazama lile sikio, na mambo mengi aliyokuwa ameyaona bila kuyaelewa yakajipanga yenyewe.

Walikaa kwenye sakafu tupu. Tetsuro alieleza bila kupamba. Sikio la kushoto lilikufa asubuhi moja miaka minne nyuma. Aliamka, akadhani ni maji ya kuoga, hayakutoka mpaka leo. Hakumwambia mtu. Mpigaji unaweza kumtambua kwa sikio moja, kwa mwendo wake, kwa namna anavyovuta pumzi kabla ya kugusa, hata kwa mikwaruzo ya santuri yenyewe. Lakini mono na stirio haviwezekani kwa sikio moja, hata ungekuwa nani, na siku zote aliishi akiogopa siku Tsukuda atakapopiga hivyo viwili kwa pamoja. Ile ilikuwa siku yenyewe. Na hayo si kitu. Tangu majira ya mvua sikio la kulia nalo linakwenda. Daktari amesema hawezi kulizuia.

"Sauti yako bado naipata ukiongea taratibu," alisema. "Muziki ndio umeharibika. Ni kama mtu anatikisa vijiko ndani ya ndoo, lazima nichague kijiko kimojakimoja."

"Ungeniambia."

"Nikwambie nini? Mimi na wewe tumekutana kwa kusikiliza, tumekula kwa kusikiliza, tumegombana kwa kusikiliza. Mimi nikiwa kiziwi, wewe utafuata nini kwangu? Utakuwa muuguzi."

"Mimi nimekufuata wewe, mwanamume. Nataka kuolewa na wewe. Nilitaka mwezi wa Mei, nilitaka Oktoba, na nataka sasa hivi nikiwa na hasira."

Alilisema kwa nguvu, kwa sikio la kulia, na alijua limefika kwa sababu midomo ya Tetsuro ilitetemeka. Lakini alikataa. Alisema hataki mke wa huruma, na aondoke kabla giza halijaingia. Chizuru hakuondoka. Walivutana mpaka wote wakachoka, na mwisho Tetsuro akatoa sharti, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha. Kila Jumamosi Chizuru aje na santuri moja na kimtambo chake cha mkononi. Ampigie bila kutaja jina, kama nyuma ya pazia. Akimtambua mpigaji, watakunywa chai na kukaa hadi jioni kama mtu na mpenzi wake. Siku atakayoshindwa, ndiyo basi. Chizuru asirudi tena, na asimpigie simu.

Lilikuwa sharti la kikatili na Chizuru alilikubali, kwa kuwa bila hilo hakuwa na kitu. Jumamosi ya kwanza alikuja na kimtambo, na santuri aliyoitoa mkobani ilikuwa Brandhuber. Tetsuro alilaza shavu lake la kulia juu ya mtambo, akafumba macho, na kabla upande wa kwanza haujaisha akalitaja jina. Alipouona mfuko wa pamba alificha uso. Wakanywa chai.

Ikawa hivyo. Kila Jumamosi Chizuru alifunga kiduka mapema, akavaa nguo nzuri, sketi ya bluu iliyokolea au gauni la kahawia lenye kola ya mviringo, akapaka rangi ya mdomo ambayo hakuwa na mazoea nayo, na akabeba kimtambo kwa mkono mmoja na santuri kwa mwingine. Zilikuwa Jumamosi nzuri na za kuogofya. Walipika pamoja chungu cha kabichi na samaki, Tetsuro alimsomea majina ya ajabu ya vijiji aliyokutana nayo kazini, na jioni zilikuja haraka mno. Lakini kila wiki shavu lilikaa juu ya mtambo muda mrefu zaidi. Novemba alihitaji upande mzima. Desemba aliomba arudishiwe mwanzo mara mbili. Chizuru, Mungu amsamehe, alianza kuchagua waliokuwa rahisi, wenye vishindo, wanaokosea noti ambayo kila mtu anajua wanaikosea. Akijua anachofanya, akaendelea kukifanya.

Jumamosi ya kwanza baada ya mwaka mpya, Tetsuro alimfungulia mlango akiwa amenyoa, na shati jeupe.

"Unaniletea waliokwisha kujitangaza wenyewe," alisema. "Usifikiri sijui. Leo lete mtu wa haki au rudi na santuri yako."

Kwa bahati mbaya alikuwa na wa haki. Alikuwa amebeba mbili, ya rahisi na ya pili, akijidanganya kwamba ataamua njiani. Nje mvua ya baridi ilikuwa inageuka theluji. Birika lilikuwa jikoni, na juu ya meza ya chini vikombe viwili vilikwisha kuwekwa. Mkono wake ulienda kwenye ya rahisi, ukarudi. Akatoa ya pili, akaweka sindano.

Ilikuwa sehemu ya polepole. Tetsuro alilaza shavu, akafumba macho, akashika kingo za mtambo kwa mikono miwili. Upande ukaisha. Akaomba tena. Ukaisha tena. Chizuru aliona jasho kwenye paji la uso wake, ndani ya chumba kile cha baridi. Halafu uso ukafunguka, taratibu, kwa furaha ambayo hakuwa ameiona tangu kiangazi.

"Sorokina," alisema. "Sivyo? Ile pumzi yake. Ni Sorokina, Chi."

Hakuwa Sorokina. Alikuwa Mholanzi, Van Elden, mwanamume mwenye mikono mizito ambaye hafanani naye kwa lolote.

Neno lilikuwa fupi tu. Ndiyo. Tetsuro hakuwa na santuri ya kuhakikishia, jalada lilikuwa mkobani, hapakuwa na mtu wa tatu. Ndiyo, na chai imiminwe, na jioni iwe yao, na Jumamosi ijayo pia, na nyingine, mpaka sikio lizime lenyewe na sharti life. Angempa furaha na angebaki naye. Nani angemlaumu? Mimi nisingemlaumu. Chizuru alifungua kinywa alitamke, akauona ule uso uliojaa matumaini umemwinamia, unamwamini kabisa, na akashindwa kumfanyia hivyo.

Alisogea upande wa kulia, akaweka mdomo karibu.

"Siye, Tetsu. Ni Van Elden."

"Mholanzi?"

"Mholanzi."

"Hata si mwanamke," alisema Tetsuro. Alijaribu kucheka na badala yake akalia, bila sauti, mabega yakipanda na kushuka. Chizuru hakumgusa, maana hakujua kama bado ana ruhusa.

Kisha Tetsuro alijifuta kwa mkono wa shati, akainuka, akachukua kikombe kimoja mezani, akaenda jikoni akakirudisha kabatini. Chizuru alielewa. Alifunga kimtambo, akaziweka santuri mkobani, akachukua koti lake. Alikuwa ameingiza mkono mmoja tu alipomsikia akisema kutoka jikoni, akiwa amempa mgongo:

"Ungeweza kusema ndiyo."

Chizuru alijibu, kisha akakumbuka kwamba kwa mgongo hamsikii. Akaenda jikoni, akazunguka hadi sikio la kulia, koti likiburuta sakafuni.

"Ningeweza. Na Jumamosi ijayo ningekudanganya tena, na baadaye ningekuwa nakuja kumtazama mtu ninayemdanganya. Hiyo nisingeiweza."

Birika lilianza kupiga mluzi, na Tetsuro hakuligeukia, kwa hiyo Chizuru alinyoosha mkono akazima jiko.

"Tangu nimwambie mkubwa wangu wa kazi, wote wananiitikia ndiyo," alisema Tetsuro. "Daktari ananipigapiga begani. Dada yangu anaandika kwamba nitazoea. Nikitaja jina la kijiji vibaya hawanisahihishi, wananikubalia tu." Akamgeukia. "Anapigaje huyo Mholanzi pale pa polepole?"

"Nikueleze?"

"Nieleze. Taratibu."

Chizuru alifikiri. Alisema Van Elden anavuta mno. Alisema mkono wake wa kushoto ni mzito, unatembea kama mtu anayepanda ngazi na gunia la mchele, na kila akifika juu anatua kidogo ndipo wa kulia uendelee. Alisema mwanzoni unakereka, lakini ukisubiri unamwonea huruma mwenye gunia.

"Basi anakosea," Tetsuro alisema. "Pale mkono wa kushoto unatakiwa usionekane kabisa. Uwepo tu."

"Si kweli. Ukiuficha, sehemu yote inakuwa tamu bure."

"Brandhuber aliuficha."

"Brandhuber alikuwa na miaka ishirini na kitu, alijua nini kuhusu mizigo? Halafu wewe hujamsikia huyu hata kidogo. Unabishana na mtu ambaye hujamsikia."

"Sibishani na yeye," alisema Tetsuro. "Nabishana na wewe."

Chizuru alicheka na kulia pamoja, rangi ya mdomo ikaharibika. Tetsuro alifungua kabati, akakitoa kile kikombe, akakishika bila kukiweka popote.

"Siku ya kutoipata hata sauti yako iko karibu, Chi. Tusijifiche. Huenda isifike kiangazi."

"Najua."

"Itabidi uandike. Kila kitu, hata matusi."

"Nitaandika kwa herufi kubwa."

Tetsuro alimtazama, koti mkono mmoja, macho mekundu, nje theluji imeshashika kwenye nyaya. Akakiweka kikombe mezani kando ya kile cha kwanza.

"Jumamosi ijayo lete mwingine," alisema. "Na nguo zako lete. Na cherehani. Rafu hizi zote ziko wazi."

Chizuru akautoa mkono wake kwenye koti.